Habu, mataji 99, na ubishi wa lini bingwa astaafu

Kuna ubishi kwenye grupu letu hauishi, na nimechoka kuandika meseji ndefu kila mara, kwa hiyo leo nauweka wote hapa, mtu akianza tena namtumia linki basi. Ubishi wenyewe ni kuhusu Yoshiharu Habu, yule mzee wa shogi wa Japani (namwita mzee kwa heshima tu, kazaliwa Septemba 1970, humu kuna watu wamemzidi umri na bado wanajiita vijana). Jamaa wanasema bingwa mwenye mataji 99 alitakiwa aondoke akiwa juu, watu wamkumbuke vizuri, sio kubaki anachapwa na watoto waliozaliwa yeye tayari kashachukua kila kitu. Mimi nasema kinyume kabisa, kwamba utamu wa Habu umeanza pale alipobaki mikono mitupu mwaka 2018. Sasa nisikilizeni.

Kwa wasioujua mchezo, haraka haraka. Shogi ni ndugu wa chesi, ubao wa miraba 9 kwa 9, kila mtu anaanza na kete 20, unatafuta kumfunga mfalme wa mwenzako. Kete zote ni za mbao, bapa, rangi moja, zina ncha mbele, na ile ncha inaangalia wapi ndio utajua hii ya nani. Kwa nini hazina rangi mbili? Kwa sababu kete ukiila haitoki mchezoni, inahamia kwako, unaiweka pembeni na zamu yako ikifika unaruhusiwa kuidondosha karibu popote penye nafasi, hata mlangoni kwa mfalme wa mwenzako. Aliyekulia Unguja au popote wazee wanapocheza bao la kiswahili hatashangaa, kule nako unachokula unakisambaza upande wako kinakupigania wewe. Chesi kadri mnavyoenda ubao unakuwa mweupe, huku kete ni 40 mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo mchezo hauchoki, unazidi kuwaka, mtu anaweza kuwa anaongoza kwa masaa saba halafu kosa moja tu kwisha habari yake. Sare ni chache mno.

Haya, Habu. Kazaliwa Tokorozawa, mkoa wa Saitama, kakulia Hachioji huko pembeni ya Tokyo. Mama yake alimwandikisha kwenye klabu ya shogi ya pale mjini, wazazi wakienda kununua mahitaji ya wiki dogo anabaki kwenye ubao. Alikuwa dhaifu kiasi kwamba madaraja ya kawaida ya pale hayakumtosha kwa chini, wakamtengenezea daraja lake la 15, yaani chini kuliko chini, ili mtoto aone anapanda asikate tamaa. Mimi hii huwa inanifurahisha sana, mtu aliyekuja kuwa mkubwa kuliko wote alianza na cheo cha kubuniwa. Na kwenye mashindano ya watoto mama alikuwa anamvalisha kofia nyekundu ya timu ya besiboli ya Hiroshima Carp, si kwamba ni mashabiki, ni ili amuone kwa urahisi kwenye lile kundi la watoto. Baada ya muda watoto wengine wakawa wanaiogopa ile kofia.

Sasa kuwa profeshno wa shogi sio kama mpira kwamba skauti atakuona uwanjani. Kuna chuo chao cha mafunzo kinaitwa Shoreikai, unaingia mtoto, mnachezana wenyewe kwa wenyewe, unapanda au unashuka, na ukifika juu kabisa kuna ligi ya dan ya 3 (dan ni ngazi za uwezo) ambayo kila nusu mwaka wanapita wawili tu kwa kawaida. Wanne kwa mwaka, Japani nzima! Na ukifikisha miaka 26 hujapita, kwaheri, toka ukatafute kazi nyingine, wakati tangu darasa la sita ulikuwa hujui kitu kingine. Watu wanalia pale, wanaume wazima.

Habu aliingia 1982, mwalimu wake akiwa Tatsuya Futakami, na Desemba 1985 akapita, umri miaka 15. Kwenye historia yote alikuwa wa tatu tu kuwa profeshno akiwa bado sekondari ya chini, kabla yake walikuwa Hifumi Kato mwaka 1954 na Koji Tanigawa 1976. Shikeni hayo majina mawili, yatarudi.

Msimu wa 1988 kwenye Kombe la NHK, lile la televisheni ambalo muda ni mfupi na nchi nzima inaangalia Jumapili, dogo wa miaka 18 alikutana mfululizo na watu wanne ambao wote waliwahi kuwa au walikuwa Meijin, yaani taji la heshima kuliko yote. Yasuharu Oyama akafa. Hifumi Kato akafa. Tanigawa akafa. Fainali Makoto Nakahara, naye akafa. Kama unataka kuangalia mechi moja tu ya Habu wa utotoni angalia ile ya Kato, kuna sekunde Habu anachukua kete ya Fedha anaidondosha mraba wa 5-2, katikati ya watu wa Kato, haina mlinzi, unaweza kuila na gari (kete inayokwenda kama ngome ya chesi) au na Dhahabu, chagua. Ukiila na hii unafungwa huku, ukiila na ile unafungwa kule, ukiiacha ndio kabisa. Mtangazaji siku hiyo alikuwa Kunio Yonenaga, naye bingwa mkubwa, unamsikia sauti inampasuka kabla hata ya kueleza kitu. Ukiangalia uso wa Habu hapo hamna kitu, anaangalia ubao tu, nywele zimesimama upande mmoja kama kaamka sasa hivi. Zile nywele nazo zilikuja kuwa maarufu kivyake.

Mwaka 1989 akapata taji la kwanza, Ryuo, ana miaka 19. Aliyempiga ni Akira Shima, na hapa kuna kautamu, kwa sababu Shima ndiye aliyekuwa na kikundi kidogo cha mazoezi ambacho wanafunzi wake ni Habu, Yasumitsu Sato na Toshiyuki Moriuchi. Unanoa kisu jikoni kwako mwenyewe halafu kinakukata. Mwaka uliofuata Tanigawa akamnyang'anya, lakini Machi 1991 akachukua la Kio na tangu hapo kwa miaka 27 hakuwahi kukaa bila taji hata moja. Miaka 27 wadau.

Naruka mpaka 1994 kwa sababu hapo katikati ni mataji juu ya mataji, ukianza kuorodhesha unasinzia. Mwaka huo alimvua Yonenaga umeijin, na Yonenaga maskini alikuwa ameupata mwaka mmoja tu nyuma akiwa na miaka 49 baada ya kuukosa mara kibao, hata hajaufaidi. Mpaka Desemba Habu ana sita kati ya mataji makubwa saba. Lililobaki ni Osho, na mwenye Osho ni nani? Tanigawa.

Sasa Tanigawa ni mtu wa Kobe. Mechi zao zimeanza Januari 1995, na alfajiri ya Januari 17 likapiga lile tetemeko la Hanshin lililoua watu zaidi ya 6,000. Jamaa akatoka kwenye mji uliobomoka akaenda kucheza. Mechi zikaenda mpaka ya saba, tatu kwa tatu, huko Aomori kaskazini kwenye baridi, na mechi yenyewe ikajirudia, yaani wote wawili wakawa wanazunguka hatua zile zile mpaka sheria ikasema anzeni upya, wakaanza upya siku hiyo hiyo, na mwanzoni wakacheza njia ile ile kama vile hakuna anayetaka kuonekana ameogopa. Tanigawa akashinda. Nchi nzima ilikuwa inasubiri mataji saba lakini mtu wa Kobe alikataa, na sidhani kama kuna Mjapani aliyemchukia kwa hilo.

Wengi tunasahau hesabu inayofuata. Ili Habu apate nafasi tena ilibidi kwanza ayatetee yote sita mwaka mzima, ukipoteza moja tu mpango umekufa, halafu wakati huo huo ashinde ligi ya kutafuta mpinzani wa Osho. Akayatetea yote. Akaishinda ligi. Akarudi kwa Tanigawa, safari hii nne bila, na Februari 14, 1996, mkoani Yamaguchi, akawa na mataji yote saba yaliyokuwepo. Mwezi uliofuata akaoa, mke wake Rie Hatada alikuwa muigizaji, kwa hiyo fikiria magazeti yalivyokuwa. Ile hali ya saba ilidumu siku 167, Julai 30 dogo mmoja anaitwa Hiroyuki Miura akamvua la Kisei.

Ngoja niseme kidogo mechi zenyewe zinavyokuwa maana nikiwaambia watu "siku mbili" wanadhani naongeza chumvi. Meijin kila mchezaji ana masaa 9, Ryuo masaa 8. Wanavaa kimono, wanakaa kwenye tatami kwenye hoteli ya kienyeji au hekalu au hata ngome ya kale, mikoa inagombania kuwakaribisha. Siku ya kwanza jioni yule mwenye zamu anaandika hatua yake kwenye karatasi, inafungwa kwenye bahasha, kesho asubuhi inafunguliwa, ili mtu asilale na faida ya kufikiria usiku kucha. Muda ukiisha unabaki na sekunde 60 kwa kila hatua, kuna mtu pembeni anakuhesabia kwa sauti. Ukiona umekwisha unainamisha kichwa unasema nimeshindwa, mwenyewe, hakuna refa wa kupuliza filimbi. Halafu, hii ndio inanimaliza, hawanyanyuki. Wanapanga tena kete wanaanza kuupitia mchezo pamoja, aliyepigwa na aliyempiga, "hapa ningeweka hivi je?", wakati mwingine saa zima. Mtu katoka kupoteza taji la miaka mingi na anaulizwa kwa upole kosa lake lilikuwa wapi, na anajibu.

Na hela zinatoka wapi? Magazeti. Ryuo ni ya Yomiuri, Meijin ni ya Asahi na Mainichi, wanalipia mashindano ili wachapishe michezo hatua kwa hatua kwenye safu zao, wamefanya hivyo kwa miaka na miaka kabla ya hii intaneti. Habu kwenye miaka yake mizuri alikuwa anavuka yen milioni 100 kwa mwaka. Siku hizi kuna laivu, na mashabiki wanajadili mpaka keki aliyoagiza mchezaji saa tisa alasiri, nyie mnaoniambia shogi haina drama hamjaona watu wanavyogombana kuhusu keki.

Turudi. Kama angeishia na ile saba ya 1996 ingekuwa stori ya kipaji tu na kipaji kwangu hakina stori, kipo au hakipo. Mimi Habu ninayempenda anaanza kuonekana kwenye mikono. Mwaka 2003 alitetea taji la Oza dhidi ya kijana wa miaka 19, Akira Watanabe, ikafika mechi ya tano ya mwisho, na kuelekea mwishoni Habu akaanza kutetemeka mkono, vidole vinashindwa kuiweka kete katikati ya mraba inagusa za jirani. Tangu hapo watu wakawa wanajua, Habu mkono ukianza kutetemeka ujue ameuona ushindi. Sio akiogopa, akiuona. Ukiangalia klipu zake kamera huwa inasogea kwenye vidole kabisa, kete inagongagonga kwenye mbao, na mpinzani anaona yote hayo akiwa kakaa mbele yake. Sijui kama kuna ishara mbaya kuliko hiyo kwa mtu anayejitahidi kujipa moyo.

Na kuna ile mechi ya Oktoba 2007, Kombe la NHK tena, dhidi ya Daisuke Nakagawa. Mtangazaji ni Kato yule yule wa 5-2. Habu amekwisha, kila mtu anaona amekwisha, Kato anaeleza taratibu jinsi Nakagawa anavyomalizia, halafu ghafla Kato ananyamaza, anahesabu, sauti inapanda, inapanda tena, mzee anapiga kelele kabisa studio kwa sababu kagundua kwamba mfalme anayefungwa sio wa Habu. Itafuteni. Hata kama hujui Kijapani wala sheria moja ya shogi utaelewa kila kitu kwa sauti ya yule mzee.

Sasa vidonda, maana ndio hoja yangu. Japani ukishinda taji mara za kutosha unapewa haki ya kulibeba maisha. Habu aliyapata sita mapema kiasi, ingawa hata lile la Meijin alitanguliwa na Moriuchi, rafiki yake wa tangu shule ya msingi, kwa mwaka mmoja tu, Moriuchi 2007 yeye 2008. Likabaki la Ryuo. Mwaka huo huo 2008 akakutana na Watanabe, yule kijana wa 2003 sasa kakomaa, na atakayeshinda ndiye wa kwanza kulipata la maisha. Habu akashinda ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye mechi za mataji za michezo saba hakuna aliyewahi kupindua tatu bila. Mechi ya nne mfalme wa Watanabe kasimama peupe amezungukwa, na akaokoka kwa sababu ya kasheria kamoja tu, huruhusiwi kumfunga mfalme kwa kudondosha askari wa kawaida. Kete nyingine ruksa, askari hapana. Na Habu alichohitaji pale ni askari. Watanabe akashinda hiyo, na ya tano, na ya sita, na ya saba huko Tendo, mji ambao ndiko kete nyingi za shogi za Japani zinatengenezwa. Tatu bila ikawa tatu nne.

Mtu wa kawaida hapo anavunjika. Mwaka 2010 akajaribu tena kwa Watanabe huyo huyo, akakosa. Julai 2012 alimpita Oyama aliyekuwa na mataji 80 na akaendelea. Na Desemba 5, 2017, kule Ibusuki, Kagoshima, kusini kabisa kwenye mchanga wa moto, ana miaka 47, akampiga Watanabe nne moja akachukua Ryuo ya saba kwa jumla, la maisha likatimia, yote saba. Hilo ndilo lilikuwa taji la 99. Februari 2018 serikali ikampa ile Tuzo ya Heshima ya Taifa pamoja na bingwa wa Go (mchezo mwingine wa ubao), Yuta Iyama.

Na hapa ndipo jamaa zangu wanasema angesimama. Angalieni kilichofuata basi. Julai 2018 Masayuki Toyoshima akamvua la Kisei. Oktoba 2018 akaingia kutetea Ryuo dhidi ya Akihito Hirose, na safari hii hesabu ilikuwa ya kikatili, akishinda anafikisha 100 kamili, akishindwa hana hata moja. Hakuna katikati. Ikaenda mpaka ya saba, na ya saba ikachezwa Shimonoseki, mkoa uleule wa Yamaguchi alikotimizia saba mwaka 1996. Akashindwa.

Baada ya hapo kukawa na suala la jina. Profeshno huko anaitwa kwa taji lake, Ryuo fulani, Meijin fulani, na kwa miaka 27 hakuna aliyemwita kwa dan. Alikuwa na haki ya kujiita Ryuo aliyetangulia, au wangemtafutia cheo kikubwa chochote kwa yale saba ya maisha, na nadhani hakuna ambaye angenung'unika. Akasema mniite Habu, dan ya 9. Basi. Wapo kibao wa dan ya 9. Mimi nilisoma hiyo habari nikasema huyu mtu sasa ndio ananifurahisha.

Juni 2019 akampita Oyama kwa idadi ya ushindi, 1,434. Mwaka 2020 akapanda tena kucheza Ryuo, akaugua katikati akalazwa na homa ya uti wa mgongo ya aina isiyo ya bakteria, mechi ikaahirishwa, akatoka akaja kumalizia akapigwa. Halafu msimu wa 2021 ukawa mbaya kuliko yote, ushindi 14 vipigo 24, mara ya kwanza maishani kumaliza mwaka akiwa amepoteza zaidi ya alivyoshinda, na akashuka kutoka daraja A, la juu kabisa kwenye ligi yao, alilokaa miaka 29 mfululizo. Wakubwa wengi wakifika hapo huwa wanajitoa kwenye ligi kiaina ili wasishuke kwenda kuchezana na vijana wenye njaa. Yeye alisema atacheza daraja la chini.

Na mimi nikajua imeisha, nisidanganye.

Miezi michache baadaye akaingia ligi ya Osho, ile ligi ndogo ambayo watu wanasema ni ngumu kuliko mechi yenyewe ya taji, akashinda sita bila kupoteza hata moja. Januari 2023 akakaa mbele ya Sota Fujii. Fujii ndiye huyu wa sasa, kazaliwa 2002, profeshno akiwa na miaka 14, wakati huo ana miaka 20 na mataji matano. Habu ana 52. Mechi ya kwanza Fujii kashinda, watu wakaanza kusema nne bila. Mechi ya pili Takatsuki, Osaka, Habu akachukua Dhahabu, kete ya ulinzi, ile ambayo ukijifunza shogi siku ya kwanza unaambiwa kaa nayo karibu na mfalme wako, akaidondosha 8-2, kule pembeni ndani kwa Fujii, mbali na mfalme. Mimi nilidhani kabonyeza vibaya, kwa jinsi nilivyozoea kucheza kwenye simu. Mashine ya kompyuta kwenye skrini ikaikubali. Fujii akakaa akaangalia muda mrefu sana. Habu akashinda hiyo, na ya nne Tachikawa akashinda tena, mbili kwa mbili, nikawa simsemeshi mtu. Ya tano Fujii, ya sita Fujii, kwisha. Oktoba ya mwaka huo Fujii akachukua yote nane (siku hizi ni nane, wameongeza Eio).

Na hiyo ishu ya kompyuta ina stori yake. Mwaka 1996 kitabu cha mwaka cha shogi kiliwauliza maprofeshno lini kompyuta itawashinda. Yonenaga akasema kamwe, Kato akasema siku hiyo haitakuja, wengi walikuwa huko huko. Habu, akiwa kwenye mwaka wake wa mataji saba, mwenye kila sababu ya kuringa, akajibu 2015. Na Oktoba 2015 wale wataalamu wa kompyuta wa Japani wakatangaza mradi wao umefungwa kwa sababu kihesabu mashine imeshawafikia mabingwa. Mtu anayejua mwaka atakaopitwa na bado anakuja kazini, halafu mnataka kumfundisha lini astaafu?

Tena historia yao wenyewe haiko upande wenu. Oyama alifariki 1992 akiwa na miaka 69, bado mchezaji wa daraja A, na akiwa na 66 alishacheza mechi za kuwania taji. Kato alitolewa na sheria mwaka 2017 akiwa na miaka 77, kwa hiari yake asingetoka, na Desemba 2016 ndiye aliyekuwa mpinzani wa kwanza kabisa wa Fujii kwenye uprofeshno, miaka 76 dhidi ya 14. Kwenye shogi mkubwa anakaa pale ili mdogo apite juu yake, na anapita kwa kumshinda, sio kwa kuachiwa kiti.

Najua mtaniambia na chesi. Ndio, pia anacheza chesi kama hobi, ana cheo cha FIDE Master (kinatolewa na shirikisho la chesi la dunia), na Novemba 2014 alicheza na Kasparov, bingwa wa zamani wa dunia wa chesi, huko Tokyo michezo miwili akapigwa yote. Nadhani alifurahi sana.

Juni 2023 wakamchagua kuwa rais wa Chama cha Shogi cha Japani, ikawa ndio kipindi cha miaka 100 ya chama na majengo mapya Tokyo na Takatsuki, vikao na nini, huku anacheza ligi yake kama kawaida. 2025 akaachia, Ichiyo Shimizu akachukua, mwanamke wa kwanza kukalia kile kiti. Sababu mojawapo ya mimi kufurahia hilo ni ya ubinafsi kabisa, kwamba sasa Habu ana muda wa mazoezi.

Kuhusu la 100, sina presha nalo. Likija nitapiga kelele kama Kato, lisipokuja poa tu. Anayetaka kuendelea na ubishi aangalie kwanza ile mechi ya pili ya Osho 2023, aangalie yote, asiniletee klipu ya dakika mbili.